Stelingi laini, moshi chini ya boneti

Wiki hii tunaacha mitoko pembeni, tunajipaka oili kidogo. Akina dada msifunue ukurasa, hii inawahusu kuliko mnavyodhani, na mtaona kwa nini.

Washkaji watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wamenibana kijiweni na swali lilelile: eti ile pampu ya pawa stelingi inayotumia umeme, inafungika kwenye gari la zamani? Mmoja ana Corolla ya mwaka 1988. Mwingine kabadilisha injini, na injini mpya haina pa kufunga pampu ya mkanda. Wa tatu hana gari kabisa, anataka tu abishane. Jibu langu ni kwamba inafungika, na ikifungwa sawasawa utageuza tairi kwa kidole kimoja huku umekula embe kwa mkono wa pili. Ila ukimpa kazi hiyo fundi asiyejua hesabu za umeme, aisee, unatembea na jiko la mkaa chini ya boneti. Pampu yenyewe ni bolti tatu tu. Kasheshe iko kwenye waya.

Kwanza tuelewane tunaongelea mdudu gani, maana pawa stelingi ziko za namna tatu. Kuna ile ya siku zote: mkanda wa injini unazungusha pampu, pampu inasukuma oili kwenye reki, oili inakusaidia kusukuma tairi. Mambo ya kale hayo. Mmarekani mmoja, Francis Davis, alishafunga ya kwake kwenye gari la Pierce-Arrow mwaka 1926, na Chrysler wakaanza kuiuza kwenye Imperial yao mwaka 1951. Halafu kuna ile ya kina IST na Vitz. Haina oili hata tone, ni mota inayosaidia kuzungusha mti wa stelingi. Suzuki waliiingiza sokoni mwaka 1988 na kigari chao kinaitwa Cervo.

Ya leo ni chotara. Oili ipo, reki ya oili ipo, ila pampu haina mkanda, inazungushwa na mota ya umeme. Vauxhall Astra nyingi za Uingereza za mwaka 1998 hadi 2004, ambazo sehemu nyingine za Ulaya zinaitwa Opel, zilitoka nayo. Volvo S40 ya kuanzia 2004 inayo, Mazda Axela ya toleo la kwanza inayo. Kwa kuwa haitaki mkanda, unaifunga popote bomba linapofika, na ndiyo maana wenye magari ya kizamani wanaikodolea macho.

Sasa sikiliza, hapa ndipo watu wanapoingizwa mjini. Pampu peke yake haikusaidii kitu kama gari lako lina stelingi ya mkono. Utaisukumia wapi hiyo oili? Lazima upate na reki ya haidroli inayoingia kwenye gari lako, na mara nyingi utaipata kwenye ndugu wa gari hilohilo, yule aliyetoka kiwandani akiwa na pawa. Ukiuziwa pampu na mtu hajakuuliza habari za reki, ujue hapo hakuna fundi, kuna muuza chuma.

Nimeyajuaje haya wakati mimi kazi yangu ni kalamu? Nimeyajua kwa dada yangu.

Dada anakaa Tabata, anapika chapati na maandazi na kuyapeleka kwenye migahawa ya Posta kabla watu hawajaingia maofisini. Saa kumi alfajiri yuko kwenye jiko, saa kumi na mbili kasoro yuko barabarani na ndoo zake. Gari ni Corolla ya mwaka 1989 aliyoachiwa na marehemu baba, stelingi ya mkono, nzito kama kusukuma kabati. Mwaka 2022 dada alidondoka na bodaboda akavunjika mtulinga wa kulia. Mfupa ukaunga, lakini bega halikurudi lilivyokuwa. Kutembeza gari barabarani hana neno. Kupaki pale Posta, ambako unaingia rivasi kwenye nafasi ya kuchomeka kisu, analia. Simaanishi kulalamika, namaanisha machozi.

Familia ikakaa. Shemeji akasema uza mkweche, nunua IST. Mjomba akasema hivyohivyo. Na kwa haki, walikuwa na hoja nzuri. Kama hela ya IST ipo, nunua IST, usihangaike na ujinga tunaouongelea hapa. Hela haikuwepo. Kulikuwa na ada za watoto wawili, na kulikuwa na Corolla ambayo injini yake haijawahi kumwangusha mtu. Dada akauliza swali moja tu: hiyo stelingi haiwezi kulainishwa?

Fundi wake wa chini ya mwembe akasema inawezekana. Akatafuta reki ya haidroli ya Corolla ya umri uleule kule Shaurimoyo, akaipata. Injini yake haikuwa na pa kushika pampu ya mkanda, na vile vyuma vya kushikia vilisakwa wiki nzima bila kuonekana. Ndipo akatokea jamaa na pampu ya umeme ya Astra, imeshuka kwenye kontena la spea kutoka Uingereza. Reki ikafungwa, pampu ikafungwa, mpaka hapo kila kitu babu kubwa. Akaitwa fundi umeme.

Huyu kijana alikuja na kipande cha waya wa nyumba. Si unaujua, ule wa 2.5 unaopeleka umeme kwenye soketi za ukutani. Akachukua umeme kwenye boksi la fyuzi ndani ya gari, akaupitisha kwenye tundu la ukuta wa injini, akaupeleka kwenye pampu. Ethi akaigandamiza kwenye bolti ya madgadi, juu ya rangi. Akaweka fyuzi ya 30. Dada akawasha, akakata stelingi mpaka mwisho, fyuzi ikakata. Kijana akasema fyuzi feki. Akaweka nyingine, ikakata. Akatoa uzi wa waya wa shaba, akaizungushia fyuzi. Haikukata tena.

Mpenzi msomaji, kwa nini ikatike? Umeshaiua!

Siku mbili gari lilikuwa tamu. Dada anageuza huku anacheka. Siku ya tatu, Buguruni, foleni imesimama, anajaribu kuchomoka aingie upande wa pili, amekata stelingi yote na ameishikilia hapohapo, akasikia harufu ya plastiki. Halafu moshi, chini ya dashibodi, kwenye miguu yake. Alizima swichi, moshi ukaendelea, kwa sababu kijana alichukua umeme sehemu ambayo haizimwi na swichi. Akafungua boneti, akachomoa kichwa cha betri kwa mkono mtupu. Kilitoka kwa sababu kijana yuleyule hakukikaza. Kwa hiyo uzembe mmoja ukazima moto wa uzembe mwingine. Chapati mia na kitu zikaliwa na makonda wa daladala Buguruni siku ile, kwa bei ya kutupa.

Sasa tufanye fizikia ya kidato cha tatu, usikimbie, ni mistari mitatu. Pampu hii ikiwa imetulia, hujagusa stelingi, inakula umeme kidogo, ampea chache tu. Ukikata stelingi gari limesimama, inaruka. Inafika ampea 60, na ikibanwa sana inapita. Kwa betri ya volti 12, ampea 60 ni wati 720. Hiyo inakaribia pasi ya umeme.

Kijana angesema, na alisema kweli, kwamba waya wa 2.5 nyumbani unabeba pasi na haupati hata joto. Sawa kabisa. Lakini nyumbani umeme ni volti 230. Pasi ya wati 1000 kwa volti 230 inavuta ampea nne na kidogo. Gari lina volti 12 tu, hivyo ili kufanya kazi inayolingana na hiyo linahitaji ampea mara kumi na kitu. Na kinachopasha waya moto ni ampea, sio volti. Tena joto halipandi taratibu: ukizidisha ampea mara mbili, joto la waya linazidi mara nne.

Waya wa kijana ulikuwa kama mita nne ukihesabu mzunguko wote. Kwenye ampea 60, waya wa shaba wa 2.5 wenye urefu huo unapoteza volti 1.7 njiani, na wati 100 zinageuka joto ndani ya waya wenyewe. Wati 100 ni karibu taa zako mbili kubwa za mbele. Zifikirie zimewashwa, halafu zimefungiwa kwenye ganda la plastiki nyuma ya dashibodi, juu ya zulia la mwaka 1989. Kilichomwokoa dada siku mbili za kwanza ni kwamba stelingi haikatwi muda wote. Unakata sekunde tatu, waya unapoa. Pale Buguruni alishikilia.

Na yale mambo ya kuzungushia fyuzi waya, au ile karatasi ya pakiti ya sigara ambayo wazee wetu walikuwa wanaitumia, tuyaache jamani. Fyuzi haikuwekwa kulinda pampu. Imewekwa ili kitu kikiharibika, fyuzi ife kabla waya haujawaka. Fyuzi ikikata mara mbili mfululizo inakupa taarifa, na taarifa yenyewe ni kwamba mzigo umezidi au kuna mahali pamepiga shoti.

Tulimpeleka dada Gerezani kwa mzee mmoja wa umeme wa magari, mtu wa maneno machache, miwani imefungwa kwa kamba. Nilimwamkia, akaitikia, akainama kwenye boneti, akaangalia waya ulioungua, akasema, "Mwanangu, huyu alikuwa anafunga nyumba." Basi. Halafu akaanza upya, na mimi nikakaa kwenye ndoo na kuandika. Nayaleta kama nilivyoyaona, kwa pampu ile ya Astra. Pampu nyingine zina mambo yake. Nyingine hukaa zikisubiri salamu ya kompyuta ya gari lao, na zisipoisikia zinafanya kazi kwa kiwango kimoja tu, au hazifanyi. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji akuwashie uione inazunguka, na uchukue plagi zake na kipande cha waya. Pampu iliyokatwa plagi ni kimeo, hata ipakwe rangi.

Mzee alianza na njia kuu. Waya mnene wa shaba, milimita 16, kutoka kichwa cha chanya cha betri moja kwa moja hadi kwenye pampu. Hakuna kupita ndani ya gari, hakuna boksi la fyuzi la zamani, hakuna kuungia kwenye waya wa taa. Karibu kabisa na betri, hata shibiri mbili hazifiki, akaweka fyuzi kubwa ya kukaza na nati, ya ampea 80. Nilimuuliza kwa nini isikae karibu na pampu, nafasi ipo. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini mlango uwe mbele ya nyumba. Waya wote ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi, akasema. Ukikwaruzwa na bodi hapo, utaungua wote na hakuna wa kuukata. Kwa hiyo kipande hicho kiwe kifupi iwezekanavyo.

Kuhusu kununua waya huo, angalizo. Kuna nyaya nene za bei poa zinazouzwa barabarani, nyingine zimetolewa kwenye zile za kuazimana betri. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukikuta ndani mweupe, hiyo ni alumini imepakwa shaba, unene wake ni wa kuzuga. Utabeba umeme mdogo kuliko unavyoonekana.

Hasi nayo ikapewa waya wa unene uleule, na haukuishia kwenye bolti ya madgadi. Ulirudi hadi kwenye kichwa cha hasi cha betri. Gari la miaka thelathini na zaidi limeota kutu mahali ambapo hupaoni, na umeme unaotoka lazima urudi. Ukibanwa kwenye kurudi ni sawasawa na kubanwa kwenye kwenda. Vichwa vya nyaya alivibana kwa koleo kubwa la kubania. Hakupinda kwa plaizi, hakuzungusha selotepu. Nyaya zikaingizwa kwenye mpira wa bati, zikafungwa mbali na eksozi, na kila zilipopita kwenye tundu la bati kukawa na mpira wa kuzuia makali.

Kisha nyaya nyembamba, na hapa ndipo penye akili ya kitu chenyewe. Pampu ya Astra ina ubongo wake ndani, kwa hiyo ule waya mnene unakaa na umeme muda wote, hauhitaji rilei. Kinachoiamsha ni ishara mbili kwenye plagi ndogo. Moja ni umeme wa swichi, unaokuja ukifungua funguo, huo ukapewa fyuzi yake ndogo. Nyingine ni ishara kwamba injini inazunguka kweli. Mzee aliitoa kwenye alternata, kwenye ule waya mwembamba wa taa nyekundu ya betri ya dashibodi. Injini ikiwa imezimwa waya huo hauna nguvu. Alternata ikianza kuchaji unapanda. Matokeo yake, ukikaa garini unasikiliza redio na funguo iko wazi, pampu imelala. Ukipiga stata, betri yote inaenda kwenye stata, pampu haijaamka. Injini ikishika, inaamka yenyewe na mluzi mdogo. Kijana wa kwanza huo waya aliuunganisha moja kwa moja kwenye umeme wa betri, ndiyo maana pampu ilikuwa inanguruma hata gari limezimwa, na yeye akasema ni kawaida ya mali ya Uingereza.

Baada ya kufunga, mzee akafanya kipimo ambacho nakuomba uking'ang'anie kwa fundi yeyote, kiwe hata na bei yake. Alichukua mita, ncha moja kwenye chanya ya betri, ncha nyingine kwenye chanya ya pampu. Akamwambia dada akate stelingi mpaka karibu na mwisho, gari limesimama, injini inawaka. Mita ikaonyesha volti zinazopotea njiani: sehemu ya kumi ya volti na ushee. Akarudia upande wa hasi. Ikizidi nusu volti, alisema, kuna kiungo kimelegea au waya ni mwembamba, na hakabidhi gari. Kipimo chenyewe hakifiki dakika tano.

Tukadhani tumemaliza. Akaenda kwenye alternata, akafuta vumbi kwenye kibati, akasoma: ampea 50. Akatikisa kichwa. Hesabu usiku wa mvua: taa kubwa mbili ni ampea tisa, waipa, feni ya rejeta, injini yenyewe, taa za nyuma, redio. Hapo hujakata stelingi. Kibaya zaidi, alternata haitoi namba yake yote injini ikiwa inanguruma taratibu, na stelingi inafanya kazi nzito zaidi wakati huohuo, kwenye foleni na kwenye kupaki. Upungufu unaubeba betri. Betri nzima haina tabu, inakopesha sekunde tatu inalipwa barabarani. Betri mzee inaporomoka, volti zikishuka sana pampu inajizima kujilinda, na wewe uko katikati ya kona.

Alternata ya ampea 80 kutoka kwenye Toyota ya baadaye ikatafutwa, vishikio vikachongwa kidogo, na waya wa kutoka alternata kwenda betri nao ukabadilishwa, kwa kuwa ule wa kiwandani ulikuwa saizi ya alternata ndogo. Ninyi wenye spika za kutikisa madirisha kwenye buti, fanyeni hesabu zenu mapema. Muziki mnene na stelingi ya umeme vinakula sahani moja.

Mambo ya oili nitayapitia haraka. Oili ikisukumwa kwenye reki shinikizo lake linaweza kupita bar 80, wakati tairi lako lina bar mbili na kidogo. Kwa hiyo upande wa kusukuma, mpira wa haidroli uliominywa ncha kwa mashine, hakuna klipu za bomba la maji. Klipu ni za upande wa kurudi tu. Tumia oili inayotakiwa kwenye pampu na reki, na oili ya breki isikaribie hapo. Pampu ikae wima, juu ya mpira ili isitetemeshe bodi, mbali na joto la eksozi. Na isifungwe chini kabisa nyuma ya bampa kama wanavyoonyeshana watu wa nchi zisizojua Jangwani ikifurika. Ya dada imekaa juu, kando ya betri.

Sasa nije kwenye lililokuwa linanikosesha usingizi. Ikizima barabarani je? Reki ya haidroli isiyo na msaada ni nzito kuliko ile stelingi ya mkono ya mwanzo. Ina mizunguko michache, na unasukuma na oili iliyomo. Yaani dada akiwa na bega lile, siku pampu ikigoma, ana gari zito kuliko alilokuwa nalo kabla hatujalitengeneza. Hilo fundi wa mwembe hakumwambia, na muuza pampu hakumwambia.

Mzee alilijua. Alitupeleka kwenye uwanja mtupu Jumapili asubuhi, akachomoa ile fyuzi ndogo ya swichi, injini ikiwa inawaka, akamwambia dada aendeshe. Sio kuzima funguo, angalia sana hapo, funguo ikirudi mwisho stelingi inajifunga na breki zinapoteza nguvu. Alichomoa fyuzi tu. Dada akaendesha mwendo wa baiskeli, akakata kushoto, akakata kulia. Gari likiwa linatembea aliweza, kwa mikono miwili, meno yameumana. Likiwa limesimama hakuweza kabisa. Wakakubaliana palepale: ikizima, hapigi kona, anawasha hazadi na kwenda pembeni huku gari bado linatembea. Alirudia mara sita mpaka mzee akaridhika. Kama dada asingeweza hata kwenye mwendo, mzee alisema angeng'oa mtambo wote na kurudisha reki ya zamani, na hela yetu ya ufundi angeturudishia. Nilimwamini.

Akampa na masharti ya kuendesha. Usikate stelingi gari limesimama kama unaweza kulisogeza hata nchi mbili. Ukifika mwisho wa kona, legeza kidogo, usishikilie, maana pale mwisho ndipo pampu inapobanwa na ampea zinapopaa. Taa nyekundu ya betri ikiwaka, hesabu kwamba stelingi nayo iko njiani kuondoka. Ukisikia pampu inalia kama mbwa, angalia oili.

Bei sizitaji, nikizitaja leo Jumatatu zimeshabadilika. Nitakwambia tu kwamba waya, fyuzi, vichwa vya kubania na alternata vilikula zaidi ya pampu yenyewe, na ukiongeza reki na kazi ya kijana iliyoungua, shemeji bado anasema IST. Kama pampu ya mkanda ya gari lako inapatikana Ilala na vishikio vyake, funga hiyo, achana na umeme. Kama injini yako haina pa kuifunga, kama bega au kiuno hakikuruhusu, na kama fundi wako ana mita na anajua kuisoma, hapo tuongee.

Corolla inaingia mwezi wa nane sasa bila moshi. Mzee alichora ramani ya nyaya kwenye kipande cha boksi, akakitia kwenye nailoni, akakibandika chini ya boneti: waya upi unatoka wapi, fyuzi ipi saizi gani. Ndani ya dashibodi kuna fyuzi mbili za akiba za 80 na spana namba 10. Dada ameongeza mgahawa mmoja Kisutu, ambako kupaki ni balaa kuliko Posta, na ndoo za chapati zimekuwa sita. Anataka sasa afungiwe na kiyoyozi. Mzee amemwambia alete kwanza betri mpya.